Maneno Kumi na Mawili Kwenye Karatasi ya Risiti

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, karibu, aibu zangu zinatutosha wote. Mimi ndiye mwenye duka la kuchapa, kutoa kopi na kupiga laminesheni, lile lililo jirani na shule. Wateja wananiita Mama Kopi, na sijawahi kukataa.

Mdogo wangu yuko ughaibuni, anachomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Tunamwita Kapteni, ingawa hata baiskeli hajui kuendesha. Miaka yote amejinyima, na akiba yake ameiweka kwenye sarafu za kidijitali, zile zinazokaa kwenye mtandao tu, huwezi kuzishika wala kuzifunga kwenye ncha ya khanga. Akiba hiyo ni ya kumnunulia Mama nyumba anayopanga. Mwenye nyumba anaiuza, ametupa sisi nafasi ya kwanza, lakini mwezi ukiisha anampa mwingine.

Mama hajui mpango wetu. Anachojua ni kwamba nyumba inauzwa, basi. Ameshaanza kufunga vyombo kwenye magazeti, labda hata hili unalolisoma, na kila sahani anaiambia pole. Mimi na Kapteni tunauma midomo. Tulikubaliana asisikie lolote mpaka hati iwe mkononi mwake, na huo ndio ujanja wetu uliotuponza, kama utakavyoona.

Kazi niliyopewa ilikuwa moja: nifungue pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu hizo, kwenye kompyuta ya nyumbani, Kapteni atume kila kitu humo. Wiki iliyopita niliwaacha nimebonyeza pochi ya kwanza niliyoiona mtandaoni, ile iliyotokea juu kabisa imepambwa kama bibi harusi, na fundi wangu wa kompyuta, tunayemwita Dokta, akaruka akachomoa waya ukutani.

Nilidhani amepandwa na wazimu. Kumbe ile pochi ilikuwa ya wezi. Wanalipia tangazo wakae juu ya wenye mali, wewe unaingia kwa miguu yako mwenyewe, unawakabidhi funguo na unawashukuru.

Dokta alinisema siku ile mpaka nikatamani mama yake aje kunitetea. Dokta ni mtu mpole, lakini kompyuta ikiumwa anakuwa mkali kwa ndugu wa mgonjwa. Aliniuliza mashine hii huwa inalishwa nini. Nikamwambia watoto wanachezea, shemeji anashushia filamu, na mimi nikizidiwa dukani naleta flashi za wateja namalizia nyumbani. Akashika kichwa.

Akaifuta yote. Akaisafisha mpaka ikawa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akaipandishia mfumo mpya, akatangaza kwamba tangu siku hiyo mashine ile haili flashi ya mtu, haifungui filamu, haigusi barua pepe ya mtu asiyejulikana. Shemeji alinuna. Nilimwambia anune tu, akimaliza kuna vyombo vya kuosha.

Kisha tukaanza upya, safari hii kwa adabu. Kapteni alitusomea kwenye simu anuani ya watengenezaji wenyewe wa pochi, herufi moja moja, Dokta akiiandika kwa mkono bila kutafuta popote. Faili lilipokwisha kushuka nikanyoosha kidole nilibonyeze, Dokta akakipiga kile kidole. Alisema faili nalo lina alama zake za vidole, mstari mrefu wa herufi na namba, na alama hizo lazima zifanane na zile zilizoandikwa kwa watengenezaji. Ikitofautiana hata moja, kuna mtu kalichezea njiani.

Basi tukalinganisha. Yeye anasoma, mimi nafuatisha kwa penseli. Ilikuwa kama kusahihisha kadi za mwaliko wa harusi, na kazi hiyo naijua, maana nilishawahi kuchapa jina la bibi harusi mwingine. Zikafanana zote. Hapo ndipo niliporuhusiwa kubonyeza.

Pochi ikataka nywila. Mimi nikaandika jina la Mama na mwaka wake wa kuzaliwa. Dokta akacheka kicheko kisicho na furaha, akasema hiyo hata muuza maji wa mtaani anaijua. Alitaka sentensi ndefu, ya kwangu peke yangu, nisiyowahi kuitumia kwingine. Nikatunga moja kumhusu ndugu fulani wa mume wangu na alichokifanya kwenye msiba. Ni ndefu, ina uchungu, sitaisahau mpaka nizikwe.

Halafu Dokta akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akageuza kiti akautazama ukuta.

"Sasa itakuonyesha maneno kumi na mawili," akasema. "Yaandike kwa mkono, kwa mpangilio wake. Usipige picha, usichape, usinisomee hata mimi. Mtu akiwa na maneno hayo hahitaji kompyuta yako wala nywila yako. Anakaa kwao, anaiandika pochi upya kwenye mashine yake, na kila kilichomo ni chake."

Nikamuuliza, na yakipotea? Akasema kompyuta ikiwa nzima, nywila bado inafungua. Lakini kompyuta ikifa na maneno huna, hakuna ofisi ya kwenda kulia. Hapo nikaogopa kweli. Mimi nimezoea kwamba kila kitu kina ofisi ya kwenda kulia.

Nikatafuta karatasi. Mganga hajigangi: dukani kwangu karatasi zimejaa mpaka dari, nyumbani hakuna hata kipande. Nikapekua mkoba, nikapata roli ya karatasi ya mashine ya risiti, nikakata ukanda, nikaandika. Yalikuwa maneno ya Kiingereza ya kawaida kabisa, ya mnyama, ya chombo cha jikoni, ya hali ya hewa. Siyataji. Sasa nimejifunza, ingawa utaona nimejifunza kwa kuchelewa.

Kapteni akatuma kidogo kwanza, cha kujaribia. Kikaingia. Nikataka kushangilia, Dokta akanizuia na kuniambia niifute pochi yote.

Nilimtazama hivi. Akarudia. Akasema pochi ambayo hujawahi kuirejesha kwa maneno yako mwenyewe ni imani tu, na yeye hatibu kwa imani. Nikaifuta, nikaifungua upya, nikaandika maneno kumi na mawili kutoka kwenye ukanda wa risiti, moja baada ya jingine. Ikakaa kimya. Ikafikiri. Kisha zile sarafu kidogo za Kapteni zikatokea pale pale zilipokuwa.

Jamani, nililia. Kapteni alikuwa kwenye simu, naye nikamsikia anapenga kamasi. Akasema, "Dada, kesho nikitoka zamu natuma zote. Mama atakufa na mjukuu mkononi, ndani ya nyumba yake." Kwetu huo ndio utani wa mapenzi. Tukacheka.

Dokta wakati anafunga begi lake aliniachia maagizo mawili. La kwanza, maneno yasikae chini ya paa moja na kompyuta, maana moto hauchagui. La pili, karatasi ya risiti inafifia, niyahamishie kwenye karatasi ngumu, kwa mkono, leo leo.

Leo leo. Mtu mzima anaambiwa leo leo, anasikia kesho.

Asubuhi nikaenda nao dukani ule ukanda, nimeuficha ndani ya kifuko cha miwani. Nia yangu ilikuwa njema: nichukue kadi ngumu, niandike, niende kuihifadhi kwenye kasha la chuma la dada yangu mkubwa. Nimeshakata kadi, nimeshashika kalamu, akaingia Mwalimu wa shule ya jirani na orodha yake ya maneno ya Kiingereza. Anaitaka laminesheni abandike ukutani, na kopi za darasa zima. Hajakaa sawa, simu ikaita: wenye harusi wanataka programu zao, ukumbi umeshajaa, na mimi ndiye niliyeapa nitazifikisha.

Nikaingiza ukanda wangu kwenye droo ya juu. Orodha ya Mwalimu nikaiweka droo ya chini. Mama alikuwa amekaa pale, huwa anakuja kunisaidia, maana anasema nyumbani vyombo vilivyofungwa vinamtazama. Nikabeba boksi la programu, nikiwa mlangoni nikamwambia kazi ya Mwalimu iko kwenye droo, aishughulikie.

Sikusema droo ipi. Ngoja nirudie, kwa sababu mume wangu bado ananilaumu kwa mengine: sikusema droo ipi.

Niliporudi duka lilikuwa limetulia, Mama ameridhika na nafsi yake. Nikavuta droo ya juu. Hamna kitu. Nikaangalia mezani, karibu na mashine ya laminesheni, nikaona kitu chembamba, kirefu, kimefunikwa plastiki safi inayong'aa, na ndani yake ni cheusi tititi.

Anayefanya kazi yangu ameshaelewa. Karatasi ya risiti haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto. Ukiipitisha kwenye mashine ya laminesheni inaungua yote, inakuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na chochote ulichokiandika juu yake kinakwenda na maji. Nilikigeuza kile kidude huku na huku, nikakipeleka kwenye jua. Hakuna hata herufi.

Simu yangu ikalia wakati huo huo. Ujumbe wa Kapteni: "Dada, nimeshatuma zote. Zamu ya leo ilikuwa nyepesi, sijui kwa nini. Sasa nalala."

Nikakaa juu ya rimu za karatasi. Kichwani nikawa najipa moyo: kompyuta ni nzima, nywila ninayo, pochi inafunguka, sarafu zipo. Nifike nyumbani, nimwite Dokta, tufungue pochi nyingine yenye maneno mapya, tuhamishe, yaishe. Lakini machozi hayasubiri hesabu, yalikuwa yameshafika kidevuni.

Mama akanitazama.

"Unalia nini wewe? Kwa sababu ya kale kakaratasi? Hivi unafikiri mimi nimekuja kwenye duka hili jana? Karatasi ya risiti inaungua, nani asiyejua. Kazi ilikuwa laminesheni, nikaipiga, lakini nilitoa kopi kwanza."

Ni kweli. Hiyo ndiyo sheria ya duka langu, nimeibandika mwenyewe ukutani: kila kinachoingia kwenye laminesheni kinatolewa kopi kwanza, kwa sababu mashine ikimeza cheti cha mtu hutamrudishia kwa pole. Mama anaifuata sheria hiyo kuliko mimi niliyeitunga. Nilimkumbatia. Nilimbusu shavu hili na hili, nikamwambia Mungu alipokuwa anagawa akina mama mimi nilikuwa mbele kabisa kwenye foleni.

Mama alipendezwa, akajitengeneza kilemba. Akasema hata yeye alishangaa Mwalimu kuandika kazi ya shule kwenye karatasi ya risiti, lakini siku hizi walimu nao hali ngumu.

Mikono yangu ikalegea shingoni mwake.

Nikamuuliza kwa upole sana hiyo kopi iko wapi. Akasema amempa Mwalimu. Nikamuuliza, hiyo tu? Akasema hapana, Mwalimu aliomba za darasa zima, akamtolea za darasa zima, na moja amemkuzia ikawa kubwa ya kubandika ukutani, herufi zinasomeka mpaka barabarani. Hakumtoza ile kubwa, kwa ujirani mwema.

Sasa, mama yangu alikuwa anastahili kuambiwa ukweli pale pale. Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi alivyokaa, amefurahi kwamba bado kuna mahali anafaa, na nyumbani kwake kumejaa maboksi. Nikafunga mdomo. Nikamwambia amefanya vizuri, nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia.

Najua mnachosema. Mnasema kimbilia kompyuta, achana na shule. Dokta alisema hivyo hivyo baadaye, tena kwa maneno ambayo mhariri ameyakata. Lakini Dokta nilimpigia njiani hapokei, peke yangu sijui kuhamisha hata sarafu moja, na shule iko katikati ya duka na nyumbani. Nikajiambia naokota karatasi zangu kwanza, napita.

Kabla sijafika getini niliyasikia. Darasa zima linaimba. Mwalimu anataja, watoto wanaitikia, neno la kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio wake, kwa sauti ya kumfurahisha mkaguzi. Maneno ambayo Dokta, mtu mzima na familia yake, alikataa hata kuyaona, yalikuwa yanatoka madirishani yanavuka barabara. Mlinzi wa geti alikuwa ameshafika neno la saba.

Nikamwita Mwalimu mlangoni. Sikuthubutu kusema ukweli. Nikisema tu kwamba maneno haya yana thamani, basi hata mlinzi atayamalizia matano yaliyobaki. Nikamwambia kuna kosa la uchapaji, duka langu lina jina la kulinda, nataka kopi zote nikamchapie upya bure, kwenye karatasi ya rangi.

Mwalimu akashangaa. Alisema yeye hakuona kosa. Kwanza alikuwa anataka kuja kunishukuru, kwa sababu alileta orodha yake ya maneno kumi, akakuta nimemtafutia mengine mazuri zaidi, tena nimemwongezea mawili. Alidhani ni nyongeza ya mteja wa siku nyingi. Nikasema ndiyo, ilikuwa nyongeza, lakini nimekosea nyongeza.

Mwalimu ni mtu muungwana. Akakusanya kopi meza kwa meza, akazihesabu mwenyewe, hakuna iliyopungua. Akabandua ile kubwa ukutani. Akawaambia watoto wafute ubaoni na kwenye madaftari, watapata mpya za rangi, wakashangilia. Nikazikumbatia karatasi zangu kifuani, jasho linanitoka na kicheko kinanitoka, nikawa namwona Kapteni amelala usingizi wake wa haki, namwona Mama anazifungua sahani zake bila kuhama hata hatua moja. Nikamshukuru Mwalimu, nikageuka niende.

Akaniita.

"Mama Kopi, na ile ya kwenye kundi la wazazi niifute pia?"

Nikamuuliza kundi gani. Akatoa simu, akanionyesha. Alikuwa ameipiga picha ile karatasi kubwa, imetoka vizuri, ameituma kwa wazazi wote wawasaidie watoto nyumbani. Chini yake wazazi wameweka vidole gumba na maua. Nikamwomba aifute sasa hivi, akaifuta mbele ya macho yangu.

"Hawana shida, wengi hawasomi," akanituliza. "Ni mzazi mmoja tu aliyeuliza swali. Aliuliza kama maneno haya yanafuata mpangilio huu huu, au mtoto anaweza kuyachanganya."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia asichanganye hata moja. Akaniandikia, asante sana Mwalimu, umenibariki leo."